Draya, Bomba na Mafuta ya Kukaangia: Tuliyojifunza Ndani ya Nyumba Yetu

Mwisho wa Oktoba tulihamia nyumba yetu ya kwanza ya kununua, kwenye kitongoji kimoja cha Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Waliotuuzia walituachia jiko, friji, mashine ya kufulia na draya, yaani mashine ya kukaushia nguo, tukashukuru, maana kuvinunua vyote upya ni pesa nyingi. Kabla ya hapo tulikuwa wapangaji wa ghorofani miaka yote, na nguo tulifulia kwenye chumba cha pamoja kule chini: unaingiza sarafu, unasubiri, unabeba kapu lako unapanda. Mashine ikiharibika ni shauri la mwenye jengo. Na nilikokulia mimi, Tanga, nguo zinaanikwa asubuhi, adhuhuri unazianua. Draya yangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ilikuwa jambo geni.

Nimeona kwamba wengi wetu tuliohamia nchi za baridi tuko hivyo. Tunafundishana habari za makaratasi, kazi, bima, jinsi ya kuendesha gari kwenye theluji. Draya hakuna anayeitaja. Unaonyeshwa kitufe cha kuwashia, basi. Haya ninayoyaandika sisi tuliyajua kwa gharama na kwa hofu, na ningependa familia nyingine iyajue kwa kusoma tu.

Wiki za mwanzo draya ilifanya kazi vizuri. Baridi ilipokaza, taulo na suruali za jinzi zikaanza kutoka na unyevu. Mzunguko mmoja haukutosha tena; ikawa nawasha mara ya pili, na kwa mablanketi ya watoto hata ya tatu. Dirisha dogo la chumba cha kufulia likawa linatiririka maji kwa ndani. Bati la juu la mashine likawa la moto kiasi kwamba huwezi kuuacha mkono juu yake. Bili ya umeme ilipanda, lakini Desemba kila bili hupanda huku, kwa hiyo haikutushtua. Watu tuliowauliza walikuwa na jibu moja: mashine imezeeka, nunueni mpya. Chujio la draya, lile linalonasa vumbi la nguo, nilikuwa nalisafisha kila nikifua, na kila nilipolitazama lilikuwa safi, ndiyo maana hata mimi niliamini ni uzee.

Jumamosi moja ya Januari ngoma, yaani pipa la ndani la mashine, ilizunguka kama kawaida lakini nguo zikatoka baridi, mbichi vilevile kama zilivyoingia.

Rafiki alitupa namba ya fundi mmoja Mkongo, mzaliwa wa Lubumbashi, anayetengeneza mashine za nyumbani hapa mjini. Alikuja jioni, akapima fyuzi kwa kile kipimo chake cha umeme, akakuta imekatika, akainuka, akavaa koti lake tena na kwenda nje kuizunguka nyumba kabla ya kugusa kitu kingine. Aliporudi aliniuliza, "Mama, hewa ya hii mashini inatokea wapi?" Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama mimi. Fundi akatikisa kichwa taratibu. "Mashini haina kosa, mama. Kosa iko mu bomba."

Alitueleza kwa utulivu, na tangu siku hiyo naiona draya kwa jicho lingine: ni jiko lenye feni. Elementi, yaani waya wa kupashia joto, inapasha hewa moto, feni inaivuta hewa hiyo ipite ndani ya ngoma katikati ya nguo. Inabeba maji ya nguo pamoja na nyuzi ndogondogo zinazomeguka kwenye kitambaa, inapita kwenye chujio, halafu inasukumwa nje ya nyumba kupitia bomba lenye kipenyo cha inchi 4. Chujio linakamata sehemu kubwa ya nyuzi, lakini halikamati zote. Zinazopita zinakwenda na hewa, na popote hewa inapopoteza kasi, kwenye kona, kwenye mkunjo, kwenye ncha ya skrubu, zinatua na kushikamana. Zikirundikana, hewa inapungua. Hewa ikipungua nguo hazikauki, na joto ambalo lilipaswa kutoka nje linabaki ndani ya mashine, karibu na elementi, pamoja na vumbi la nguo. Na vumbi hilo linashika moto haraka sana. Watu wanaopiga kambi porini huku hulihifadhi makusudi ili wawashie kuni.

Fyuzi iliyokatika ni ya joto. Ni kipande kidogo, bei yake dola chache tu, na kwenye mashine nyingi hukatika joto la hewa inayotoka likikaribia nyuzi 90 za Selsiasi. Ikikatika haijirudishi, lazima ibadilishwe. Fundi alisisitiza jambo ambalo naomba mlishike: fyuzi ya joto ikikatika, tafuta kwanza kwa nini joto lilizidi. Ukiibadilisha ukaishia hapo, nyingine nayo itakatika, na siku moja huenda isiwahi. Tena wapo wanaounganisha waya kuiruka fyuzi kabisa ili mashine iwake. Usimruhusu mtu kufanya hivyo nyumbani kwako, hata akiwa ndugu, hata akisema ni kwa muda tu.

Kisha wakaivuta mashine mbele, yeye na mume wangu, nasi tukaona kilichokuwa nyuma.

Kutoka kwenye mashine hadi ukutani palikuwa na bomba la karatasi ya fedha, lile jembamba lenye mikunjo linalorefuka ukilivuta. Waliosukuma mashine ukutani walilibana likabaki na upenyo wa vidole viwili. Ndani limejaa vumbi la kijivu lililoshindiliwa, na kwenye maungio vumbi lilikuwa linavuja na kutua sakafuni, juu ya waya wa umeme, na chini ya mashine yenyewe. Fundi alilikata kwa mkasi akanionyesha. Bomba la namna hiyo, na lile la plastiki jeupe, hayafai: mikunjo yake inashika vumbi, yanapondeka kirahisi, na moto ukitokea hayauzuii. Kinachotakiwa nyuma ya mashine ni bomba fupi la chuma, ama gumu kabisa, ama la alumini nene linalopinda kidogo na kubaki lilivyopindwa. Maungio yanafungwa kwa vibano vya chuma na utepe wa alumini. Ule utepe wa kitambaa wa kijivu ambao kila mtu anao kwenye droo huachia ukipata joto.

Hilo lilikuwa nusu ya tatizo. Bomba la ndani ya ukuta lilipanda juu, likapita darini, likakunja kona mara kadhaa na kutokea kwenye paa. Kanuni za ujenzi za nyumba zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinaruhusu bomba la draya lisizidi futi 35 kwa jumla, na kila kona ya nyuzi 90 inahesabiwa kama futi 5 zaidi, isipokuwa mtengenezaji wa mashine awe ametoa vipimo vyake. La kwetu, ukijumlisha kona zake, lilikuwa limevuka. Isitoshe, lilipita kwenye dari isiyo na joto bila kufunikwa na chochote, nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Hewa yenye mvuke ikigusa chuma cha baridi hivyo inageuka maji humohumo bombani, maji yanalowesha vumbi, vumbi linakuwa tope, tope linakauka na kung'ang'ania. Ndiyo maana draya yetu ilikuwa nzima Oktoba na mgonjwa Januari.

Na huko juu ya paa, mtu aliyetaka kuzuia ndege alikuwa ameweka wavu. Nia yake ilikuwa njema, lakini kanuni zinakataza wavu kwenye mdomo wa bomba la draya, kwa sababu unageuka chujio la pili ambalo hakuna anayelisafisha. Kampuni ya kusafisha mabomba ilipopanda ilikuta wavu umezibwa wote, umekuwa kama kipande cha zulia. Walisukuma brashi yenye fimbo ndefu kutoka pande zote mbili, na walichokitoa kilijaza mfuko wa taka. Pia walikuta skrubu ndefu zilizopigwa kuunganisha vipande vya bomba, kila moja ikiwa na kishungi cha vumbi kwenye ncha yake kwa ndani.

Chumba wanacholala watoto wetu kiko juu ya chumba cha kufulia. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikuwa nikiwaza zile jioni zote nilizowasha draya saa nne usiku na kupanda kitandani huku inazunguka, nikiusikia mngurumo wake kama kitu cha kunibembeleza. Siku iliyofuata nilisoma kila nilichoweza kupata. Kitengo cha zimamoto cha serikali kuu ya Marekani kilikadiria, kwa takwimu za 2008 hadi 2010, kwamba moto wa draya majumbani hutokea takriban mara 2,900 kwa mwaka, ukiua watu wapatao 5, kujeruhi 100 na kuleta hasara ya dola milioni 35. Chanzo kinachoongoza, asilimia 34, ni kutosafishwa. Na mwezi wenye visa vingi zaidi ni Januari.

Gharama zetu zilikwenda hivi. Fundi na fyuzi, dola 140. Kusafisha bomba, 190. Vipande vya bomba jipya na vibano, 30 na ushee. Theluji ilipoyeyuka tuliamua kuliacha lile bomba la paani kabisa na kutoboa ukuta wa pembeni ili hewa itoke kwa njia fupi iliyonyooka, hiyo ikatugharimu 450. Jumla ilipita dola 800, bei ya draya mpya nzuri. Iliniuma, sitaficha. Lakini tungenunua draya mpya tungeiunganisha kwenye bomba lilelile lililoziba.

Ningetamani simulizi liishie hapo. Kabla hatujatoboa ukuta, likaja la pili, na hilo halikuhusu bomba.

Wifi yangu anaishi nasi, na Ramadhani hupokea oda za sambusa, mandazi na kachori kwa familia za hapa mjini. Anakaanga kila alasiri kwa wingi. Taulo za jikoni na aproni zake hulowa mafuta. Siku hiyo alizifua kwa sabuni na maji ya moto kama kawaida, akazitia kwenye draya kwa joto la juu, akazitoa kabla mashine haijamaliza ile sehemu ya mwisho ya kupoza, akazikunja zikiwa bado za moto, akazipanga kwenye kapu la plastiki na kulisukuma kabatini. Hakufanya kosa lolote kwa yale tuliyokuwa tunayajua. Mama zetu wangefanya hivyohivyo.

Tuliamka kula daku tukakuta harufu. Mwanzoni nilidhani kuna sufuria iliyoachwa jikoni: ilikuwa harufu ya mafuta yaliyoungua, lakini kali, ya kukwaruza koo. Mume wangu aliifuata hadi kabatini. Taulo za juu zilikuwa za kawaida, ila chini yake, katikati ya kapu, zilikuwa za moto kuliko zilivyotoka kwenye mashine saa nyingi kabla, na zimegeuka rangi ya kahawia. Kapu lilikuwa limeanza kulegea upande mmoja. Alilibeba mbio hadi nje akalimwaga kwenye theluji, na zilipopata hewa zikatoa moshi. Tuliwaamsha watoto, tukatoka wote na mablanketi, tukapiga 911, namba ya dharura ya huku.

Zimamoto walipomaliza kukagua kabati na ukuta wake, mmoja wao, mama wa makamo, aliketi na wifi yangu na kumweleza polepole, kwa sababu wifi alikuwa analia. Mafuta ya kupikia, hasa ya mbegu kama alizeti na soya, yakitandaa kwenye kitambaa huungana na oksijeni ya hewa, na muungano huo unazaa joto. Taulo moja iliyotandazwa hupoteza joto hilo bila taabu. Lundo linalihifadhi. Ukianza na lundo ambalo tayari ni la moto kutoka kwenye draya, mchakato unakwenda kasi, joto linazaa joto, mpaka kitambaa kinawaka chenyewe bila kiberiti wala cheche. Kufua kunapunguza mafuta, hakuyamalizi. Ukinusa taulo iliyofuliwa bado ikanuka kikaango, mafuta yamo. Alituambia pia kwamba kapu lile tungeliacha: funga mlango wa chumba, toa watu nje, piga simu. Kulibeba kungeweza kumuunguza mume wangu ngazini.

Kwa hiyo sasa taulo na aproni za kukaangia hazigusi draya kamwe. Zinafuliwa peke yake, mara mbili, kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta, kisha zinaanikwa moja moja kwenye kamba tuliyofunga gereji. Zikisubiri kufuliwa hazirundikwi. Zinalowekwa kwenye ndoo ya bati yenye maji na mfuniko. Karatasi za kufyonza mafuta nazo zinaenda kwenye pipa la bati lililoko nje, mbali na ukuta. Kama unaendesha mgahawa, unapika harusini, au unafua taulo za saluni na za kukandia mwili, jambo hili linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote. Mafuta ya nazi yana hatari ndogo kuliko ya alizeti au ya kitani, lakini mafuta mengi ya ngozi na nywele ni mchanganyiko, na hujui ndani mna nini. Nguo zenye petroli, rangi ya mafuta au dawa ya kusafishia brashi za rangi zisiingie kabisa, hata baada ya kufuliwa.

Ile sehemu ya mwisho ambapo mashine inazunguka bila joto, nilikuwa naiona ni ya kupoteza muda. Ipo ili nguo zipoe kabla hazijalala pamoja. Iache imalize.

Mazoea yetu mengine tuliyajenga kidogokidogo, na sasa hayatusumbui. Chujio linasafishwa kabla ya kila mzigo, na mtoto wetu mkubwa ndiye anayeshika kazi hiyo. Kuna jambo kuhusu chujio ambalo lilinishangaza: zile karatasi laini za manukato zinazotiwa kwenye draya huacha utando usioonekana juu ya wavu wake. Liweke chini ya bomba la maji. Maji yakipita moja kwa moja, liko sawa. Yakituama juu kana kwamba limefunikwa na nailoni, lisugue kwa brashi laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, likauke ndipo ulirudishe. Hiyo ndiyo siri ya chujio langu lililokuwa "safi". Ndani ya ngoma, karibu na chujio, mashine nyingi zina vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu wa nguo. Navyo hupata utando huo, na mashine hukosea kujua nguo zimekauka au la. Vipanguse kwa kitambaa chenye spiriti.

Mara moja kila mwezi, draya ikiwa inawaka, nenda nje ukasimame kwenye mdomo wa bomba. Kilango chake kifunguke chenyewe na uhisi upepo wa moto wenye nguvu. Kikifunguka nusu, au upepo ukiwa wa kuvutavuta, usingoje. Baada ya dhoruba ya theluji, chimba mahali hapo kwanza kabla ya kuwasha. Majira ya kuchipua kagua kama ndege wamejenga kiota.

Majira ya kuchipua na kabla ya baridi, tunazima swichi yake kwenye boksi la umeme, tunaivuta mashine mbele, tunafagia na kuvuta vumbi nyuma na chini, tunaangalia bomba halijapondeka, kisha tunairudisha tukiacha nafasi. Draya ya gesi usiivute mwenyewe kama hujui, kwa sababu kuna mpira wa gesi nyuma yake. Waite wanaojua. Na ya gesi ina hatari ya ziada: bomba likiziba, moshi wa gesi wenye monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua, unaweza kurudi ndani. Kwa sababu hiyo pia, vile visanduku vinavyouzwa ili hewa ya draya itokee ndani ya nyumba "kuleta joto" visiunganishwe kamwe na draya ya gesi. Hata kwa ya umeme sivipendekezi, maana maji yote ya nguo yanaishia kwenye kuta zako na ukungu unafuata.

Jambo lililokuwa gumu zaidi kwetu ni kutoiwasha tukiwa tumelala au tumetoka. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mume wangu anaondoka alfajiri, na nguo za watu sita hazisubiri. Tulipanga upya: mizigo midogo siku za kati ya wiki nikiwa macho, na mkubwa Jumapili. Mizigo midogo inakauka haraka pia, kwa kuwa hewa ina nafasi ya kupita. Kanga zangu, vitenge, mazulia madogo yenye mpira chini na mito ya sponji vinaanikwa. Kanga zinapauka na kusinyaa humo. Mpira na sponji vinashika moto. Mifuko inapekuliwa, hasa ya vijana, kutafuta viberiti vya gesi. Mlango wa draya unafungwa wakati wote kwa ajili ya watoto wadogo.

Moto ukitokea ndani ya draya, usifungue mlango wake. Kuufungua ni kuupa hewa. Kama swichi iko njiani na ni salama, izime, funga mlango wa chumba, toka na watu wako, piga 911 ukiwa nje.

Kwa wapangaji: mkiona dalili nilizozitaja, nguo kuchelewa kukauka, chumba kujaa mvuke, mashine kuwa ya moto kupita kawaida, harufu ya kuungua, mwandikieni mwenye nyumba kwa barua pepe na picha ya nyuma ya mashine, msiishie kwenye simu. Hapa Minnesota sheria inamtaka aitunze nyumba katika hali nzuri, na maandishi yenye tarehe ndiyo yanayowasaidia ikiwa atachelewa. Hata jengo lenye mashine za pamoja, msafishe chujio kabla ya kuwasha. Aliyewatangulia huenda hakulisafisha.

Walioko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya mara nyingi wana draya zisizo na bomba, zile zinazokusanya maji kwenye tangi. Dada yangu yuko Birmingham na anayo. Hizo zina chujio lao, na nyingi zina kipande kingine cha chini ambacho hewa hupozewa. Vyote vinajaa vumbi na vinahitaji kusafishwa kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Mwaka 2019 huko Uingereza kulitangazwa kurudishwa kwa baadhi ya draya za Hotpoint, Indesit, Creda na chapa nyingine, zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, kwa sababu vumbi la nguo liliweza kugusa elementi. Mashine hizi hukaa miaka mingi, kwa hiyo ukinunua au kupewa iliyotumika, soma namba ya modeli mlangoni na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Marekani, tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, ina orodha kama hiyo.

Na kwa anayenunua nyumba, muulize mkaguzi maswali haya akiwa bado yuko hapo: bomba la draya linatokea wapi, lina urefu gani, limetengenezwa kwa nini, lina wavu au halina. Mwombe awashe mashine aende nje kuangalia. Tazama na plagi: nyumba nyingi za kabla ya 1996 zina soketi ya draya ya matundu matatu, za baadaye zina ya manne. Kubadili waya wa mashine ufanane na soketi kunahusu pia jinsi waya wa usalama unavyofungwa ndani ya mashine, kwa hiyo mpe kazi hiyo fundi umeme. Usiiunganishe draya kwa waya wa kurefushia. Kama ni ya gesi, ning'iniza king'ora cha monoksidi ya kaboni karibu na vyumba vya kulala, kisha kijaribu kabla ya usiku wa kwanza kulala humo.